Msikimbilie Rangi: Nasaha kwa Vijana wa Maabara

Wanangu mnaoanza kushika bureti, nina neno moja la kuwaachia, nalo nitalirudia kwa sura nyingi mpaka liwaingie: andikeni pH ya kila hatua kama mita ilivyoitoa, tangu kabla ya tone la kwanza hadi baada ya kila kitu kuonekana kimekwisha. Shuleni mlizoea kumimina huku mmekodoa macho kwenye chupa, mkisubiri waridi hafifu litokee. Lilipotokea mkafunga koki, mkasoma mililita, mkashukuru Mungu. Siidharau njia hiyo. Kwa mtihani wa saa chache na darasa lililojaa, inafaa. Lakini rangi hukupa namba moja tu, ile ya mwisho. Haikuambii kama asidi uliyokuwa nayo ni kali au dhaifu, kama ni moja au ni mbili zilizochanganyika, wala ilishikilia wapi na ikaachia wapi. Hayo yote yamo katika mwendo wa pH, na mwendo huo hauonekani kwa mtu aliyekuja kutafuta jibu tu.

Tuanze na jambo rahisi ambalo kila mmoja wenu amelifanya. Chukua mililita 25.00 za asidi haidrokloriki yenye moli 0.100 kwa lita, uzitie kwenye bika. Kwenye bureti jaza kostiki soda ya ukolezi huohuo. Kwa hesabu, pH ya mwanzo ni 1.00. Ukishamimina mililita 12.5, yaani nusu ya safari, pH ni 1.48. Ukifika 20 ni 1.95. Ukifika 24 ni 2.69. Hapo umeshamaliza asilimia 96 ya asidi na pH haijapanda hata vizio viwili. Kijana asiye na subira huchokea hapo, akaanza kumwaga. Sasa tazameni kinachofuata. Kwenye 24.90 pH ni 3.70. Kwenye 24.95 ni 4.00. Kwenye 25.00 ni 7.00. Kwenye 25.05 ni 10.00. Tone moja la bureti ya kawaida ni karibu mililita 0.05, kwa hiyo matone mawili tu yamekutoa kwenye 4 yakakufikisha kwenye 10, na ioni za haidrojeni zimepungua mara milioni moja. Baada ya hapo mambo hupoa tena: kwenye 26 ni 11.29, kwenye 30 ni 11.96.

Msizipite namba hizo haraka. Vijana wengi hudhani soda "inaanza kufanya kazi" pale rangi inapobadilika, kana kwamba mwanzoni ilikuwa imelala. Sivyo. Kila tone, la kwanza na la mia nne, linameza kiasi kilekile cha asidi. Kinachobadilika ni uzito wa tone hilo mbele ya asidi iliyobaki. Asidi ikiwa nyingi, tone haliitikisi. Ikibaki kidogo kabisa, tone lilelile linaimaliza. Na kwa kuwa pH huhesabu kwa makumi, kila kizio kimoja kikiwa ni mara kumi ya jirani yake, upungufu huo wa mwisho huonekana kwenye grafu kama ukuta uliosimama wima. Aliyetupatia kipimo hiki ni Mdenmaki Søren Sørensen, mwaka 1909, akiwa katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Alikuwa akichunguza vimeng'enya, ambavyo hufanya kazi vizuri au vibaya kutegemea asidi iliyopo, na alichoka kuandika namba ndogo zenye sifuri lukuki. Ninawatajia kwa sababu watu hukariri pH kama fomula ya mtihani, wakasahau kwamba ilizaliwa mezani kwa mtu aliyekuwa na kazi ya kufanya.

Sasa kuna jambo ambalo ningependa mlishike kuliko yote niliyokwisha kusema. Nimewaambia pH ya mwanzo kwa hesabu ni 1.00. Mkichovya elektrodi nzuri, iliyofanyiwa ugezi sawasawa, yaani iliyolinganishwa na myeyusho wa pH inayojulikana, kwenye asidi ile, mita haitasoma 1.00. Itasoma karibu 1.10. Elektrodi haihesabu ioni kichwa kwa kichwa. Inaitikia nguvu ya utendaji wa ioni hizo, na katika myeyusho wenye ioni nyingi kila moja huvutwavutwa na jirani zake, ikapungukiwa na nguvu. Kijana wa kwanza anaona 1.09, anakumbuka kitabu kilisema 1.00, anaandika 1.00. Wa pili anaona 1.09, anaandika 1.09. Yule wa kwanza ameandika kosa akidhani amerekebisha kosa. Wa pili yuko sahihi hata kama hajui bado kwa nini, na siku atakapojifunza sababu, daftari lake litakuwa na ushahidi. Ndiyo maana nasema andikeni kilichokuja. Hamjui ni namba ipi itakayowafundisha.

Twende kwenye siki. Asidi yake, ya asetiki, ni dhaifu, na udhaifu huo hauonekani kwenye mililita za mwisho hata kidogo: mililita 25.00 za asidi asetiki ya moli 0.100 kwa lita zitamezwa na mililita 25.00 za soda vilevile. Anayesoma mililita peke yake hawezi kutofautisha siki na haidrokloriki. Lakini anayefuata pH anajua tangu mwanzo, kwa kuwa siki inaanzia karibu 2.88. Kisha inapanda upesi kidogo, halafu inatulia, inajikongoja kwa muda mrefu kwenye eneo la bafa ambako asidi na chumvi yake zinashirikiana kupunguza makali ya kila tone. Katikati kabisa ya safari, kwenye mililita 12.5, pH ni 4.76, na namba hiyo ndiyo pKa ya asidi asetiki. Umeipata bila kuitafuta, kwa kusoma tu mita ukiwa njiani. Nukta ya usawa, pale soda inapokuwa imeimaliza asidi yote, nayo haiko kwenye 7. Iko karibu 8.7, kwa sababu chumvi inayobaki ina ubesi wake.

Hapo ndipo rangi humponza mtu. Methaili oranji humaliza kubadilika kwenye pH ya 4.4 hivi. Ukiitumia kwenye siki, itakuwa imeshakuwa njano ukiwa umemimina mililita zisizofika 8 kati ya 25. Ungeandika kwamba siki ile ina asidi chini ya theluthi moja ya iliyonayo, na ungeandika kwa mkono thabiti, kwa kuwa rangi umeiona kwa macho yako. Fenoftalini, ambayo hubadilika kati ya 8.2 na 10, ingekufikisha salama. Lakini utajuaje uchague ipi kama hujawahi kuona grafu ya kitu unachokipima? Kiashiria huchaguliwa baada ya grafu kujulikana. Wengi wanachagua kwa kuangalia chupa gani iko karibu kwenye rafu.

Na kuna vitu ambavyo rangi haisaidii kabisa. Juisi ya rozela, ukwaju, kahawa, divai nyekundu ya Dodoma: tia fenoftalini humo uone kama utaliona hilo waridi. Tatizo hilo lina historia. Mwaka 1934 huko California, watu wa kiwanda cha malimau walitaka kupima asidi ya maji ya matunda yaliyohifadhiwa kwa dayoksaidi ya salfa, na gesi hiyo ilikuwa inachujusha rangi ya litmasi. Walimwendea mkemia Arnold Beckman, naye akawaundia kifaa cha umeme chenye elektrodi ya kioo na kikuza-ishara ndani ya kisanduku kimoja. Mita zilizo mezani kwenu ni wajukuu wa kisanduku hicho. Zilianza kwa sababu rangi ilishindwa.

Lakini mita nayo ina adabu zake, na hapa nitawachosha kidogo, maana nimeona maabara nyingi zenye vifaa vya bei kubwa vinavyosoma upuuzi kwa kukosa matunzo ya senti chache.

Kiputo cha kioo kilicho nchani mwa elektrodi kinafanya kazi kikiwa na unyevu. Kikikauka, kinakuwa kizito kuitikia na kinayumba. Msikihifadhi kwenye maji yaliyokenekwa, ingawa ndivyo vijana wengi wanavyofanya wakidhani maji safi ndiyo heshima. Maji hayo huchota chumvi kutoka ndani ya elektrodi. Kihifadhini kwenye myeyusho wa kloraidi ya potasiamu wa moli 3 kwa lita, ule unaokuja na kofia yake. Mkikisuuza, msikisugue kwa kitambaa. Kigusisheni tu karatasi laini kinyonye tone, basi. Kusugua kunakikwaruza na kukitia chaji za umeme, halafu mnakaa dakika nzima mkishangaa kwa nini namba haitulii. Kama elektrodi yenu ni ya kujazwa, fungueni kitundu cha kujazia wakati wa kupima, kifungeni mkimaliza.

Ugezi ufanyeni kila siku ya kazi, kwa bafa zinazoizunguka safari yenu yote: 4.01, 7.00 na 10.01. Nasisitiza zote tatu, maana taitresheni, yaani umiminaji huu wa hatua kwa hatua, haikai upande mmoja. Mtu aliyefanya ugezi kwa 4 na 7 peke yake, kisha akasoma 11, amesoma kitu asichokihakiki. Tazameni mwinamo mita inaotoa. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi elektrodi kamili hutoa milivolti 59.16 kwa kila kizio cha pH. Ikishuka sana chini ya 56, isafisheni, na ikikataa kupanda, iacheni ipumzike, tafuteni nyingine. Joto nalo si jambo la kupuuza katika nchi zetu. Vibandiko vya chupa za bafa vimeandikwa kwa nyuzi 25, na maabara ya Dar es Salaam isiyo na kiyoyozi huwa 30 au zaidi. Bafa ya 10.01 kwenye nyuzi 30 ni 9.97. Chupa nyingi zina jedwali dogo pembeni. Lisomeni. Na bafa iliyokwisha kumiminwa kwenye bika isirudishwe kwenye chupa, hasa hiyo ya 10, kwa kuwa hunywa hewa ukaa na kushuka yenyewe.

Soda yenu nayo hunywa hewa ukaa. Kostiki soda iliyokaa tangu wiki iliyopita katika chupa ya kizibo kilegevu si ile iliyoandikwa kwenye kibandiko, na hata vipande vyake vikavu hunyonya maji ya hewani mkiwa mnavipima kwenye mizani. Kwa hiyo kuitengeneza kwa kupima uzito na kuiamini ni kujidanganya. Ihakikini kwa potasiamu haidrojenifthaleti iliyokaushwa, ambayo haibadiliki hovyo na ina uzito unaoaminika: gramu 0.5106 zake zinamezwa na mililita 25.00 za soda ya moli 0.1000 kwa lita. Mkipata 25.60, soda yenu imechoka. Andikeni ukolezi wake wa kweli na muendelee nao. Hakuna aibu katika soda ya 0.0977.

Elektrodi inahitaji kuzama, kioo na kiungo chake cha pembeni vyote viwili, na mililita 25 kwenye bika pana mara nyingi hazifiki. Ongezeni maji yaliyokenekwa, msiogope. Mkiongeza mililita 75 kwenye asidi yetu ya mwanzo, pH ya kuanzia itapanda kwa hesabu kutoka 1.00 hadi 1.60, lakini nukta ya usawa itabaki palepale kwenye mililita 25.00, kwa sababu hamkuongeza wala kupunguza asidi. Wekeni kikorogeo cha sumaku kizunguke taratibu, na hakikisheni kile kijiti hakigongi kioo.

Kumimina sasa. Mwanzoni mililita moja moja inatosha, na hata mbili mbili kwa asidi kali. Jicho liwe kwenye badiliko kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Badiliko likianza kukua, punguzeni kiasi: nusu mililita, kisha 0.2, kisha tone moja moja. Nahodha akikaribia gati hupunguza tanga. Haingii bandarini kwa kasi ya bahari kuu. Kila baada ya kumimina, subirini namba itulie kabla ya kuandika. Karibu na nukta ya usawa itachelewa kutulia, kwa kuwa myeyusho hauna nguvu ya kushikilia pH mahali pamoja, na hapo ndipo wengi huandika namba inayopita njiani badala ya ile iliyofika. Subirini. Kisha mkishauvuka ule ukuta, msifunge. Endeleeni mililita tano zaidi angalau. Katikati ya mwinuko hapapatikani kama upande wake mmoja haujachorwa.

Mkiwa na data hiyo, nukta ya usawa haihitaji jicho la mtu kukisia. Gawanyeni badiliko la pH kwa badiliko la ujazo kati ya kila nukta mbili. Katika mfano wetu wa kwanza, kati ya 24.90 na 24.95 jibu ni 6. Kati ya 24.95 na 25.00 ni 60. Namba inaruka yenyewe na kukuonyesha mahali, bila kubishana na mwenzako kama lile lilikuwa waridi au lilikuwa pinki.

Nimewaweka muda mrefu kwenye asidi za dukani. Sasa niwapeleke kwenye kitu chetu, ambacho kwangu ndicho mwalimu bora wa kazi hii: magadi. Yale mabonge ya kijivu yanayouzwa sokoni kwa ajili ya maharage na mlenda, yatokayo kwenye maziwa ya Bonde la Ufa, Natron upande wa Tanzania na Magadi upande wa Kenya. Kikemia, sehemu yake kuu ni madini ya trona, ambamo kaboneti ya sodiamu na bikaboneti ya sodiamu zimeshikana kwa uwiano wa moja kwa moja pamoja na maji. Safari hii mambo yamegeuka: besi iko kwenye bika na asidi iko kwenye bureti.

Chukueni trona safi gramu 2.26, myeyushe mpate mililita 100, kisha mpime mililita 10 za myeyusho huo. Bureti iwe na asidi haidrokloriki ya moli 0.100 kwa lita. Mtaanzia pH karibu 10. Itashuka polepole, bila ghasia, mpaka kwenye mililita 10 itateremka kupitia 8.3 hivi, hapo kaboneti yote imekuwa bikaboneti. Mteremko huo ni mpole, wanangu, si ukuta kama ule wa haidrokloriki, na anayetegemea fenoftalini hapo hubishana na nafsi yake kama waridi limekwisha au bado linafifia. Grafu yenye nukta nyingi humaliza ubishi huo. Mkiendelea, pH itatulia tena, ikipita karibu 6.3 kwenye mililita 20, na viputo vitaanza kupanda, kwa kuwa sasa bikaboneti inageuka hewa ukaa. Kwenye mililita 30 itaporomoka kuelekea 4 na chini yake.

Tazameni hizo mbili: 10 na 30. Jumla ni mara tatu ya hatua ya kwanza, kwa sababu hatua ya pili inameza bikaboneti iliyozaliwa kutokana na kaboneti pamoja na ile iliyokuwepo tangu ardhini. Kama mngekuwa na kaboneti tupu, magadi soda ya kiwandani iliyochomwa, jumla ingekuwa mara mbili tu: 10 na 20. Kama ingekuwa bikaboneti tupu, ile wanayoweka waokaji, hatua ya kwanza isingekuwepo kabisa. Kwa hiyo mtu akiwaletea unga mweupe na kusema ni magadi ya ziwani, hamna haja ya kumwamini wala kumtukana. Uwiano wa hatua mbili utasema. Na kama bonge limechanganyika na udongo au chumvi ya kawaida, mililita zote zitapungua lakini uwiano hautabadilika, nayo ni habari ya pili mliyoipata kwa jasho lilelile. Methaili oranji peke yake ingewapa 30, mkaenda nyumbani mkidhani mmemaliza.

Hatua ya mwisho ina hila moja inayosaidia. Hewa ukaa iliyoyeyuka ndani ya bika nayo ni asidi dhaifu, hivyo inaulainisha mteremko wa mwisho. Mkikaribia kikomo, toeni elektrodi, chemsheni myeyusho dakika chache, upozeni, kisha rudisheni elektrodi. Mtaona pH imepanda, maana gesi imeondoka. Malizieni kwa matone, na mteremko utakuwa mkali kama ulivyopaswa kuwa. Kazi hiyo inachukua muda. Inastahili.

Niongeze tahadhari hapo hapo, kwa kuwa magadi yako jikoni mwetu. Grafu ya pH haitawaambia habari ya floraidi, na magadi ya maziwa yale yana floraidi, ambayo ndiyo hutia meno ya watoto madoa ya kahawia katika sehemu za kaskazini. Kwa floraidi kuna elektrodi yake mahususi. Kipimo kizuri cha jambo moja si kibali cha kusemea jambo jingine, na mteja akiwauliza kama magadi yake ni salama kuliwa, msimjibu kwa pH.

Sasa nizungumzie kupika data, kwa sababu najua linafanyika na najua linavyoanza. Halianzi na ubaya. Linaanza na mwanafunzi aliyepata 24.3, 24.9 na 24.6 saa ya mtihani ikiyoyoma, akaona kwa jirani 24.5, 24.5, 24.5, akasawazisha. Alipata alama. Akaingia chuoni, akapata alama tena. Akaajiriwa. Siku bosi anaposimama mlangoni akiuliza majibu ya sampuli, mkono unajua tayari la kufanya. Mimi nikiona daftari lenye namba tatu zinazofanana hadi desimali ya mwisho, huwa simsifu mwenye daftari. Namwomba arudie mbele yangu. Bureti ya kawaida, jicho la kawaida na tone la kawaida haviwezi kukubaliana hivyo kila mara.

Namba zinazopikwa huwa zina mtu mwisho wake. Sabuni ya mche ambayo kostiki soda haikuisha ndani yake huchubua mikono ya mama anayefua, na aliyepaswa kuligundua hilo ni kijana mwenye bureti. Maji ya bomba hupimwa uwezo wake wa kubeba asidi kwa taitresheni ileile, kwa kushusha pH hadi karibu 4.5, na kutokana na jibu hilo mhandisi anaamua dawa kiasi gani atie. Wale watu hawakuoni. Wanakunywa tu.

Basi nukta moja ikikataa kukaa kwenye mstari na wenzake, msiifute. Izungushieni duara kwa kalamu, andikeni pembeni saa na kilichokuwa kikitokea: kiputo cha hewa kwenye ncha ya bureti, kikorogeo kilisimama, umeme ulikatika, niliongeza kabla haijatulia. Kisha rudieni kipimo chote. Ikirudi palepale mara ya pili na ya tatu, kaeni kitako, kwa kuwa sampuli inawaambia jambo. Mteremko wa ziada ambao hamkuutarajia unaweza kuwa asidi ya pili. Eneo tambarare pasipostahili linaweza kuwa bafa ambayo mtengenezaji hakuitaja. Na kosa likiwa ni lenu, semeni ni letu, mapema, kabla jibu halijatoka mlangoni. Mkuu wa maabara mwenye akili atawaheshimu kwa hilo. Asiye na akili atafoka, nanyi mtalala usingizi.

Mashine za siku hizi zinafanya yote haya zenyewe. Zinamimina, zinasubiri, zinachora, zinachapa jibu kwenye karatasi. Nazipenda. Lakini mashine iliyofanyiwa ugezi kwa bafa iliyooza itachapa uongo ulionyooka, wenye desimali tatu, na atakayeutambua ni yule tu aliyewahi kuichora grafu ile kwa mkono, akajua siki inaanzia wapi na ukuta unasimama wapi.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni hili. Kabla mwezi huu haujaisha, nunueni bonge la magadi sokoni, liyeyusheni, mfuate pH yake kutoka 10 hadi 3, tone kwa tone mnapofika penye miteremko, na grafu mwichore kwa penseli kwenye karatasi ya miraba. Fanyeni wawili wawili, mmoja amimine, mwenzake aandike, kisha mbadilishane, na asiyeandika asimwambie mwenzake anatarajia namba gani.

Na ninyi walimu wenzangu na wakuu wa maabara: ziko mita za pH zilizofungiwa kabatini zikisubiri mgeni rasmi, na elektrodi zake zinakaukia humo humo. Zitoeni. Wapeni vijana mita, bafa mpya na mchana mzima, wala msiwaulize jibu mpaka wamemaliza kuchora.